Churchill kule Fulton, Attlee bungeni: Machi 1946

Hotuba hizi zilipishana kwa siku kumi tu. Tarehe 5 Machi 1946 Churchill, wakati huo kiongozi wa upinzani Uingereza, alisimama Fulton, Missouri, mbele ya Rais Truman wa Marekani, akasema pazia la chuma, yaani mpaka kati ya mashariki chini ya Wasovieti na magharibi, limeshuka Ulaya kutoka Stettin hadi Trieste. Wengi hukumbuka hapo tu. Lakini aliitaka pia Marekani ishikamane na Uingereza na himaya yake, akaonya mtu asidharau nguvu za himaya hiyo.

Tarehe 15, Waziri Mkuu wa Uingereza, Attlee, aliliambia Bunge kwamba India yenyewe ndiyo itakayochagua katiba yake, na ikitaka uhuru ni haki yake. Hakutumia tamathali za kusisimua. Mawaziri wake watatu walikuwa karibu kwenda Delhi, naye akasema wazi kwamba walio wachache hawawezi kuachiwa kuwazuia walio wengi wasisonge mbele.

Kwa ufasaha, Churchill anashinda. Hata hivyo mimi namchagua Attlee. Kinachoniuma ni kwamba kauli yake iliishia India. Askari wetu wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliopigana Burma walirudi Kenya na Tanganyika bila kuahidiwa lolote la namna ile.