Tahadhari kwa madizaina: anayeuza "SSD ya 16TB" kwa 65,000 anawaliza watu

Wakuu, hasa ninyi mnaoishi kwa Photoshop na Illustrator: kuna muuzaji anajitangaza Instagram kuwa ana duka la vifaa vya madizaina Kariakoo, na ameshawaliza vijana kadhaa ninaowafahamu. Jina la ukurasa wake siliandiki kwa sababu akibanwa tu analibadilisha. Ukilikariri jina, kesho atakupata kwa jina jingine. Bora mjue mchezo wake.

Mzigo wake mkubwa ni SSD ya nje, yaani disiki ya kuhifadhia kazi unayochomeka kwenye kompyuta: kiboksi cha bati kidogo kama kiberiti, kimeandikwa 16TB (karibu GB 16,000), shilingi 65,000. Hataki hela kabla. Anakutumia bodaboda mpaka ulipo, na yule kijana anakwambia, "Chomeka kwanza uone, ndio ulipe." Hapo ndipo watu wanalainika. Unachomeka, kompyuta inaonyesha 16TB kweli, unahamisha picha mbili tatu, zinafunguka, unalipa. Ukija kulalamika anakujibu kuwa ulijaribu mwenyewe ukaridhika, halafu anakublock.

Sasa elewa hapa: ile namba kompyuta haikuipima. Imeiuliza disiki ina nafasi kiasi gani, na disiki imejibu ilivyofundishwa kujibu, maana programu ya ndani ya chipu imechezewa. Moja ya hizo tuliifungua ofisini kwa bisibisi. Ndani hamna SSD. Kuna kipande cha saketi chenye tundu la memori kadi, kadi ya simu ya 64GB imechomekwa humo na kugandishwa kwa gundi ya moto isichezecheze. Kiboksi kilichobaki chote ni kitupu.

Hasara yake haionekani siku ya kwanza. Faili za mwanzo zinakaa vizuri. Kadi ikishajaa, disiki haikatai wala hailalamiki, inaendelea kupokea. Majina ya faili unayaona, ukubwa unauona, tarehe ipo, lakini ndani hamna kitu, au kazi mpya imeandikwa juu ya ile ya zamani. Mdogo wetu mmoja anayetengeneza kadi za harusi na mabango alihamishia humo kazi zake zote za nyuma, akazifuta kwenye laptopu apate nafasi. Mteja akarudi kutaka kubadilishiwa ukumbi kwenye kadi, PSD, yaani faili la Photoshop, ikagoma kufunguka. Akajaribu ya pili, ikagoma. Nembo za wateja, picha alizozikata usiku kucha, zote zimekwenda. Iliniuma sana, kwa sababu 65,000 utaitafuta tena, ile kazi huipati.

Linganisheni na bidhaa halisi. SSD ya nje ya Samsung, T5 EVO iliyotoka 2023, inaishia 8TB. Ya 1TB tu ya kampuni inayoeleweka inapita laki mbili madukani. Kwa hiyo 16TB ya mfukoni kwa 65,000 haipo, hata mtu akuapie kwamba ni mzigo wa Dubai au duka linafungwa.

Ukitaka kupima kabla ya kulipa, kwa Windows kuna programu ya bure inaitwa ValiDrive. Inaandika na kusoma sehemu 576 zilizotawanyika kwenye disiki nzima, na sehemu zisizo na kitu zinajitokeza zenyewe ndani ya dakika chache. Ifanye disiki ikiwa tupu. H2testw ya Windows na F3 ya Mac au Linux ni nzuri pia, ila hizo zinajaza disiki yote ndipo zisome, na hiki kifaa ukikiendea hivyo kitakukalisha zaidi ya wiki. Kama huna programu yoyote, beba faili la 10GB na uchomeke kwenye USB 3. SSD halali inalimaliza ndani ya dakika moja hivi. Ile tuliyoifungua ilikuwa inavuta 20MB kwa sekunde, yaani dakika nane na zaidi. Bodaboda akianza kukuharakisha kwamba ana abiria, mrudishie mzigo wake.

Muuzaji huyuhuyu ana pedi za kuchorea kwenye kompyuta anazoziita Wacom Intuos. Angalieni kalamu. Kalamu za Intuos na One by Wacom hazina betri wala hazichajiwi, umeme zinaupata kwenye pedi yenyewe. Ukiona kalamu ina tundu la chaja, hiyo si Wacom. Na kwa zilizotumika, geuza pedi usome namba ya modeli nyuma: CTL-472 inataka kalamu ya LP-190, CTL-4100 inataka LP-1100. Yeye anachanganya, unafika nyumbani mstari hautoki. Huion na XP-Pen ni pedi nzuri tu na wengi wetu tunazitumia. Ubaya ni kuuziwa kitu kwa jina na bei ya kingine.

Ana pia "Adobe ya maisha", yaani Photoshop na wenzake ulipe mara moja tu, kwa 50,000. Adobe walihamia malipo ya mwezi na mwaka tangu 2013 na Creative Cloud, kifurushi cha programu zao, ya kununua mara moja haipo. Anachokupa ni nafasi kwenye akaunti ya chuo au kampuni ya watu. Wenyewe wakikutoa, kazi ulizohifadhi kwenye klaudi yao zinabaki huko.

Kama tayari unayo hiyo disiki, acha kuweka kitu kingine humo sasa hivi. Usiiformat. Nakili kila kinachofunguka upeleke kwingine, na ukifungue uhakikishe, usiridhike na kuona jina tu. Kisichofunguka kwa sababu hakikuwahi kuandikwa, hakuna fundi wa kukirudisha, kwa hiyo usimlipe anayekuahidi.

Kabla ya kununua kwenye ukurasa wowote, bonyeza jina lake, ingia sehemu ya kuhusu akaunti, uone imefunguliwa lini na imewahi kubadilishwa jina. Huyu akaunti yake imebadilishwa jina zaidi ya mara moja, na sehemu ya maoni imefungwa.

Meseji zake za kitapeli zitumeni 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, ni bure. Muamala, picha za mazungumzo na kiboksi chenyewe msivitupe, maana polisi watavihitaji chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Sisi tunakwenda kuripoti wiki hii. Aliyeuziwa na huyu mtu anitumie ujumbe twende pamoja, tukiwa wengi ni vigumu kuambiwa ni ugomvi wa mteja na muuzaji.