Mafunzo ya Usalama Kazini kwa Miwani ya Uhalisia Pepe: Siku Mbili Kisumu

Mimi ni afisa wa usalama katika kiwanda cha sukari kilichoko ukanda wa miwa wa Nyando. Mwezi uliopita niliwapeleka wafanyakazi wetu 12 mjini Kisumu, kwenye ukumbi wa kukodi, wakafunzwe na kampuni inayotumia miwani ya uhalisia pepe, yaani miwani inayofunika macho na kumwonyesha mtu mandhari ya kompyuta kana kwamba yumo ndani yake. Ada ilikuwa shilingi 3,500 kwa kila mtu kwa siku, pamoja na chai na chakula cha mchana. Kwa miaka mingi nimefundisha kwa picha za ukutani na sahihi kwenye daftari, na nimeshuhudia watu wakisinzia huku nikiwaeleza jambo linaloweza kuwaua kesho yake; ndiyo maana nilikubali kujaribu njia nyingine.

Somo lililonigusa kuliko yote ni la tenki la molasi, ule uji mzito unaobaki sukari ikishatolewa. Mabaki ya molasi yakichacha hutoa kaboni dioksidi, gesi nzito kuliko hewa, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hutulia chini ya tenki na kuifukuza hewa. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 21 ya oksijeni, na kipimo kikishuka chini ya asilimia 19.5 hapaingiwi bila kifaa cha kupumulia. Haya yote watu wetu walikuwa wameshayasikia kutoka kinywani mwangu. Lakini mtu akivaa miwani hujikuta amesimama mdomoni mwa tenki, akiinama anamwona mwenzake amelala chini hatikisiki, na hapo yote aliyofundishwa yanamtoka: 8 kati ya 12 walishuka ngazi papo hapo, bila kupima hewa, bila kamba, bila hata kuita mtu. Mbele ya macho yao giza likaingia taratibu. Fundi mmoja wa boila, mzee ninayemheshimu sana, alivua miwani, akakaa kimya kwa muda, kisha akaniambia, "Madam, kumbe maiti wa pili ningekuwa mimi." Ni kweli kwamba katika ajali za namna hii aliyekimbilia kuokoa mara nyingi hufa pamoja na aliyetangulia, ila sijawahi kumsikia mfanyakazi akilitamka jambo hilo juu ya nafsi yake. Kwa somo hilo pekee, fedha zetu hazikupotea.

Somo la kuzima na kufunga mitambo nalo lilikuwa zuri. Kabla ya kuzibua mkanda wa kubebea makapi ya miwa, mwanafunzi huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli yake mwenyewe, huning'iniza lebo yenye jina lake, kisha hujaribu kuuwasha mtambo ili ahakikishe kwamba umekufa kweli. Aliyeruka hatua hiyo ya mwisho aliona mkanda ukianza kuzunguka huku mkono wake ungali ndani.

Somo la moto, kwa upande mwingine, sikuridhika nalo hata kidogo. Mtungi wa kuzimia moto wenye kilo 9 za unga wa kuzimia, ukijumlisha na chuma chake, huzidi kilo 12, na pini yake wakati mwingine hugoma kutoka; pale mkononi mtu ameshika kifaa chepesi kama gunzi la mahindi. Akina mama wa idara ya kupakia sukari walijua kuelekeza mpira wa mtungi kwenye kitako cha moto, lakini mikono yao haikujifunza uzito wala joto. Niliomba tuwashe moto wa kweli ndani ya pipa, nje ya ukumbi, tukaambiwa kwamba hawakujiandaa kwa hilo.

Kasoro kubwa zaidi ni lugha. Sauti ndani ya miwani ilikuwa ya Kiingereza, na mkufunzi alitafsiri kwa Kiswahili kutoka pembeni, hivyo mwanafunzi alisikia watu wawili wakisema kwa pamoja. Vibarua wa msimu na wapakuaji miwa, ambao ndio walio karibu zaidi na hatari, ndio walioachwa nyuma. Jambo hili linaniuma, na nimeiandikia kampuni hiyo kwamba hatutarudi mpaka sauti iwe ya Kiswahili.

Miwani ina uzito wa karibu nusu kilo, na kwa joto la Kisumu vioo hufunga ukungu na sponji hulowa jasho. Siku ya kwanza walizipangusa kwa kitambaa kikavu tu. Nilipolalamika, siku ya pili walileta dawa ya kusafishia na vifuniko vya uso. Wawili walishikwa na kizunguzungu, kwa kuwa macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani halihisi, nao waliketishwa na kuhudumiwa mara moja.

Mazungumzo baada ya kila somo yalipewa dakika 10, ilhali swali la kwa nini mtu alishuka ngazi lilistahili saa nzima. Tulilimalizia ndani ya basi la kurudi kiwandani, kuanzia Ahero hadi Awasi. Karibu na Awasi mzee wa boila akauliza kipima gesi chetu hukaa wapi zamu ya usiku. Nilimjibu kwamba hukaa stoo, na stoo hufungwa saa kumi na moja jioni. Tangu wiki hiyo kinaning'inia kwenye ofisi ya boila, ambayo haifungwi.