Nimezamia meli, ila siyo ile mnayoifikiria

Nilivyomwambia mama naenda Zanzibar kuzamia meli alishtuka, akajua natorokea Ulaya, ikabidi nimweleze hii ilishazama zamani na mimi naenda kuiangalia tu. Mtu umekulia Dodoma, maji mengi uliyowahi kuona ni bwawa la Hombolo, so msinicheke.

Nikapiga SGR mpaka Dar, boti mpaka Unguja, nikajiunga na kituo kimoja cha kuzamia, jina nabaki nalo na mtaona kwa nini. Meli yenyewe ni Great Northern ya Waingereza, ilikuwa inatandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari ikapanda mwamba 1902. Ipo mita 12 hivi kwenda chini, hata sie wa kozi ya juzi tunafika.

Siku ya kwanza tano kwa tano. Instrakta aligoma kabisa tusiisogelee meli mpaka kila mtu aweze kuelea bila kurusha mateke, maana ukipiga mapezi ovyo unabandua matumbawe na lile gamba gumu lililoganda juu ya chuma, na hilo ndo koti lake, likitoka kutu inaanza upya. Glovu pia hataki, anasema ukizivaa tu mkono unaanza kushikashika. Kuna jamaa akaokota kitu kama bolti akakichomeka kwenye jaketi, alinyang'anywa hukohuko chini kikarudishwa kilipokuwa. Tulivyotoka ndo akaelezwa, chuma kilichokaa baharini miaka yote hiyo kimeingiwa chumvi mpaka ndani, kikikauka kinapasuka na kumong'onyoka, mwisho unabaki na vumbi jekundu kabatini. Vumbi jekundu si tunalo la bure huku jamani 😂

Siku ya pili sasa. Boti nyingine, instrakta mwingine, nahodha kafika tu kaitupa nanga puu, juu ya meli! Nashuka naikuta imelala kwenye mbavu za chuma, mnyororo unasaga kila wimbi likipita. Kuuliza naambiwa "dada, hicho si chuma chakavu tu." Mimi nimefika Kolo kule Kondoa, ukinyoosha kidole karibu na ile michoro ya kale ya miambani unakemewa, na hakuna anayekwambia hayo mawe tu. Boya la kudumu pembeni, boti zijifunge hapo, linawashinda nini watu wanaochaji kwa dola? Hata mkataba wa UNESCO wa 2001 unataka vitu vya chini ya maji vilivyopitisha miaka 100 viachwe vilipo kwanza, na watu wakaribishwe kuviona ilimradi hawaharibu. Kuzamia ruksa, nanga ndo noma.

Halafu haohao wa nanga wakataka kunipeleka Pegasus "tukielewana", ile manowari ya Waingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani Septemba 20, 1914. Ni kirefu mno kwa mtu wa level yangu, na mabaharia zaidi ya 30 walikufa, wengine wamezikwa hapo kisiwani Chapwani. Nikakataa.

Nyota tatu, zote za yule instrakta wa siku ya kwanza. Mkienda, kabla hamjalipa ulizeni boti inafungwa wapi.