Kafi nilidhani naijua: darasa la siku moja na mtumbwi wa kukodi, hifadhi ya Algonquin, Kanada

Nianze na hukumu, maelezo baadaye. Darasa la siku moja la kupiga kafi: nyota tano. Mtumbwi tuliokodi: nyota tano kasorobo. Duka lililotukodisha: nyota tatu, na hizo tatu ni kwa heshima ya yule kijana wa bandani aliyetufungia mtumbwi juu ya gari bila kununa.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nimevuka mto kwenda Bweni kwa mtumbwi kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo binti yangu, ambaye kazaliwa Toronto na ana miaka 17, aliponiambia, "Baba, tulipie na darasa kabla ya safari," nilicheka. Mimi nilipe mtu anifundishe kafi? Akalipa yeye, pesa zake za kazi ya kiangazi. Nikanyamaza.

Darasa lilikuwa kwenye ghuba ndogo, maji yametulia kama ya mtungini. Mwalimu ni msichana, sidhani kama amefika miaka 25. Akatutuma twende moja kwa moja mpaka kwenye boya jekundu. Mimi nikakaa tezi, yaani nyuma, binti omo, mbele. Nikapiga kafi kulia kama nilivyozoea, mtumbwi ukakata kushoto. Nikahamia kushoto, ukakata kulia. Tulifika kwenye boya kwa njia ya mlevi anayetoka ngomani, na binti yangu hakugeuka nyuma hata mara moja. Mabega yake tu ndiyo yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Nilijitetea moyoni. Mtumbwi wetu wa nyumbani ni gogo la mwembe, mzito, umekaa majini kama umeota mizizi. Ukishaupa mwendo unakwenda. Huu wa Kevlar, nyuzi za kiwandani ngumu lakini nyepesi, futi 16, umbo wanaloliita Prospector, una uzito wa kilo 20 hivi, na chini umepinda kidogo kama ndizi, omo na tezi zimeinuka. Unageuka ukiupigia chafya. Kosa lolote la mkono unalitangaza hapo hapo.

Dawa yake ni pigo linaloitwa kwa herufi J. Unavuta kafi kama kawaida mpaka ipite usawa wa nyonga, kisha gumba la mkono wa juu unaligeuza litazame chini. Bapa la kafi linageuka, unasukumia nje kidogo, mbali na ubavu wa mtumbwi, ndipo unaitoa majini. Ukiwa umekaa kushoto, njia ya kafi inaandika J kweli. Mimi nilikuwa nageuza gumba juu. Hapo mtumbwi unanyooka, lakini mwendo unakufa, maana kafi imegeuka breki. Mwalimu aliniambia mara tatu, mkono wangu wa miaka 52 ukakataa mara tatu. Mara ya nne akatoa kalamu mfukoni, akanichorea macho mawili na mdomo kwenye ukucha wa gumba. "Kila mwisho wa pigo," akasema, "huyu lazima aangalie samaki."

Nikaona aibu. Pigo la kumi hivi, omo ikakaa mahali pake.

Alasiri walitupindua makusudi. Mtumbwi ukijaa maji katikati ya ziwa huufui kwa kopo ukamaliza. Wenzio wanasogeza mtumbwi wao, mnakutanisha kama herufi T, wanaivuta omo ya mtumbwi wenu uliopinduka mpaka unalala kifudifudi juu ya mtumbwi wao. Maji yote yanamwagika kwa mkupuo. Wanaugeuza, wanauteremsha, wanaushika ubavuni mnapanda. Tulichukua kama dakika nne. Nimemaliza utoto wangu wote mtoni na hakuna aliyewahi kunionyesha hilo. Sisi tulikuwa tunaogelea nao hadi mchangani.

Sasa duka. Koti la kuelea alilopewa binti lilikuwa la mtu wa kilo mia, likampanda mpaka masikioni. Pipa la chakula lilikuja na mkanda mmoja mzima na mwingine umefungwa fundo. Kafi yangu ilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi. Vyote walibadilisha tulipolalamika, ila kwa nini mpaka tulalamike? Kopo la kufulia maji, filimbi na kamba ya kurusha ya mita 15 vilikuwemo, na hivyo ni sheria. Kagueni kila kitu kabla hamjaondoka, maana ukishaingia ndani ya hifadhi hakuna fundi.

Jambo jingine ambalo hawakutuambia: huko ndani makopo na chupa za vinywaji na vyakula ni marufuku. Mimi nilibeba tui la kopo, makopo manne. Niliyamimina kwenye chombo cha plastiki pale pale maegeshoni, watu wanapita wananiangalia kama mwuza dawa. Dagaa binti aliwakataa katakata kwa sababu ya dubu. Niliwaficha ndani ya pipa, na siku ya pili hata uji ulinuka dagaa. Hilo kosa langu, duka halimo.

Tulianzia Canoe Lake, kando ya barabara namba 60, na kulala usiku mbili mbele zaidi, tukishapita Joe Lake. Ziwa hilo la mwanzo ndimo mchoraji Tom Thomson alimopotelea Julai 1917. Mtumbwi wake ulionekana ukielea umepinduka, mwili ukapatikana baada ya siku nane, na watu hadi leo wanabishana kilichomuua. Binti alinisimulia hayo tukiwa katikati ya maji. Nikamwomba achague wakati mwingine wa kusimulia.

Kutoka Canoe Lake kwenda Joe Lake kuna bwawa, kwa hiyo mtumbwi unapanda mabegani: mita 295, kibao cha njano kinakuonyesha njia. Katikati ya mtumbwi kuna mti uliochongwa kukaa shingoni, nira kabisa, kama ya ng'ombe wa kulima. Unauinulia mapajani, unaubembea mara moja, unaingia chini yake, na kuanzia hapo dunia yako ni miguu yako na mita mbili za njia. Kijana wa dukani alisema "mita 295 si kitu." Kwa mtumbwi wa kilo 20 ni kweli. Lakini utarudi kuchukua mizigo, na hapo si mita 295 tena, ni mara tatu yake. Hesabu hiyo hawaisemi.

Siku ya pili mchana tulikutana na upepo wa mbisho, maji yanachemka meupe kidogo juu ya mawimbi. Omo ilikuwa nyepesi, upepo unaisukuma ubavuni. Darasani tulikuwa tumeambiwa: ukienda kinyume na upepo, mbele pawe pazito. Tukatia ufukoni, tukasogeza pipa karibu na miguu ya binti, tukapiga magoti badala ya kukaa vitini, tukaambaa na ukingo. Ilituchukua saa nzima kufika mahali ambapo asubuhi tungefika kwa dakika ishirini, lakini hatukwenda mrama hata kidogo. Nilimwangalia gumba langu. Uso ulikuwa umefutika nusu, jicho moja tu limebaki, na bado lilikuwa linaangalia samaki.

Usiku ndege anaitwa loon, yule wa kwenye sarafu ya dola moja, alilia upande wa pili wa maji. Sauti yake ni kama ya mtu anayecheka msibani. Sikulala vizuri.

Kwa wanaotaka kwenda: kibali cha kulala ndani kinakatwa mapema, unaweza kuanza miezi mitano kabla, na wikiendi za Agosti hujaa haraka. Mei na Juni kuna inzi weusi wadogo wanaong'ata nyuma ya masikio, wakifuatiwa na mbu. Sisi tulikwenda mwisho wa Agosti, hatukusumbuliwa. Chukueni Kevlar, hata kama ni ghali kidogo. Tulilipa dola 60 na ushee kwa siku na shingo yangu hainidai kitu. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, siku ya ziada ya kukodi au darasa, chukueni darasa. Mimi nasema hivyo, mtu wa Pangani.

Duka nitabadilisha. Mwalimu nitamtafuta yeye yule, maana ana darasa jingine la siku mbili la maji ya mtoni, maporomoko madogo na mawe. Binti ameshasema kwenye hilo atakaa tezi yeye. Bado hatujakubaliana.