Kiendeshi cha tepu cha LTO-9: kazi nzuri, ila kinataka kulishwa

Kaseti moja ya LTO-9, kizazi cha tisa cha tepu za LTO za kuhifadhia data, inabeba terabaiti 18. Ile 45 iliyoandikwa kwenye boksi ni hesabu ya data iliyobanwa kwa 2.5 kwa 1. Video na picha zimeshabanwa tayari, hazifiki huko. Panga bajeti yako kwa 18.

Kasi ni hadi megabaiti 400 kwa sekunde kwa kiendeshi cha kimo kamili, na hapa ndipo wengi hukosea. Data ikija polepole mno, kiendeshi husimama, hurudisha tepu nyuma kidogo, kisha huanza tena. Mwendo huo ukijirudia, tepu na vichwa vinavyoisoma na kuiandika vinachakaa bure. Diski kuu moja ya kuzunguka kwa kawaida haiwezi kukilisha kwa kasi hiyo kamili. Pitishia data kwenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka), na faili ndogondogo zifungashe pamoja kwanza.

Kaseti mpya hupimwa inapoingizwa mara ya kwanza, pengine kwa muda wa hadi saa mbili nzima. Usizime umeme ukidhani imekwama!

Kinachoudhi: kinasoma LTO-8 na LTO-9 tu. Mwenye kabati la LTO-7 asitupe kiendeshi chake cha zamani. Kaseti ya kusafishia itumike taa ya kusafisha kwenye kiendeshi ikiwaka, si kila wiki, maana inakwangua vichwa.