Cosmopolis ya Cronenberg: kwa nini maneno yake yanawagawa watazamaji

Karibuni sana. Leo mezani tunayo Cosmopolis, filamu ya David Cronenberg ya mwaka 2012, dakika 109. Ukiitaja mbele ya wapenzi wa sinema, ubishi unaanza hapo hapo. Kuna wanaosema ni domo tupu ndani ya gari, hakuna kinachotokea, wakazima kabla ya nusu. Kuna wengine wanaiweka juu kabisa. Jarida la Ufaransa la Cahiers du cinéma liliipa nafasi ya 2 kwenye orodha yake ya filamu bora za mwaka ule. Sokoni ilianguka: ilitengenezwa kwa takribani dola milioni 20 na tiketi za dunia nzima hazikurudisha hata nusu.

Mimi niko upande wa wanaoipenda, nawaambia mapema ili mjue nasimama wapi. Lakini wanaoichukia wana hoja, na kwenye sehemu mbili tatu nakubaliana nao kabisa.

Kisa ni chepesi kukieleza. Eric Packer, bilionea wa miaka 28, anataka kwenda kunyoa nywele kwa kinyozi wa zamani, upande wa pili wa Manhattan. Siku hiyo Rais yupo mjini, barabara zimefungwa, kuna maandamano na kuna msafara wa mazishi ya mwanamuziki. Limuzini inatambaa siku nzima. Watu wanaingia mmoja mmoja: kijana wa kompyuta, mchambuzi wa sarafu, mama anayemuuzia michoro, daktari, mshauri wake wa nadharia. Wanaongea, wanashuka. Filamu ndiyo hiyo.

Sasa ugomvi ulianzia wapi? Ulianzia kwenye trela. Ile ya kwanza ilikuwa fupi, muziki unagonga, bunduki, ngono, vurugu za mtaani. Yote yamo kweli kwenye filamu, ila ukiyajumlisha ni dakika chache. Aliyelipa tiketi akisubiri filamu ya kasi alikutana na mazungumzo ya fedha. Halafu Packer anachezwa na Robert Pattinson, na mwaka huo huo filamu ya mwisho ya Twilight, ule mfululizo wa mapenzi na vampaya uliompa umaarufu, ilikuwa inaingia sinema, kwa hiyo mashabiki wake walimfuata huku. Na wafuasi wa zamani wa Cronenberg, wale wa Videodrome na The Fly, walikuja kutafuta miili inayooza na kugeuka. Makundi matatu, kila moja limeahidiwa kitu ambacho hakimo.

Tuje kwenye maneno yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanakwama. Filamu imetoka kwenye riwaya ya Don DeLillo ya 2003. Cronenberg ameeleza mwenyewe kwamba mswada aliuandika kwa siku 6: siku 3 kunakili mazungumzo ya kitabuni karibu yalivyo, siku 3 kujazia kinachotokea katikati yake. Kwa hiyo watu hawa hawaongei kama watu wa sebuleni. Mmoja anauliza, mwingine anajibu swali ambalo halikuulizwa. Maswali yanatamkwa bila sauti ya kuuliza. Mtu anarudia neno la mwenzake kama vile analipima uzito. Ukikaa ukisubiri mazungumzo yakupe taarifa za kisa, utachoka mapema sana. Yasikilize kama mapambano: nani anamkata nani, nani anakimbia swali, nani amebaki bila jibu. Packer anaanza siku akishinda kila mazungumzo, na kadiri gari linavyosogea anaanza kushindwa. Mwendo wa filamu uko hapo, sio barabarani.

Mtazame pia anavyovuliwa. Mara ya kwanza anapokutana na mkewe Elise, amevua miwani, na mke ndio anagundua kwamba mumewe ana macho ya bluu. Wanapokutana tena, tai haipo. Baadaye koti nalo limekwenda. Wanaosema matukio ya mke na mume yanajirudia bure, naomba warudie wakiangalia nguo tu.

Kitu kingine kinachowapoteza watu ni hesabu. Packer amekopa yuan za China kwa wingi akiamini zitashuka thamani. (Kitabuni ilikuwa yen ya Japani, filamu ikabadilisha.) Chukua mfano mdogo wa kwangu. Umekopa yuan 1,000 wakati dola 1 ni yuan 7. Ukizibadilisha unapata kama dola 143. Yuan ikilegea mpaka 8 kwa dola, deni unalimaliza kwa dola 125, na 18 zinabaki kwako. Ikikaza mpaka 6 kwa dola, deni lile lile linataka dola 167, na una pengo la 24. Sasa weka mabilioni, na yuan inapanda tangu asubuhi hadi usiku. Baadhi ya wanaoingia kwenye gari wanamwambia, kwa namna yao, toka kwenye huo mchezo. Hatoki. Ukishaelewa hivyo, nusu ya mazungumzo yaliyokuwa kelele yanaanza kukubana kifua.

Nataka tukae kidogo kwenye tukio moja, kwa sababu lenyewe linaonyesha filamu nzima ilivyofanyika. Jane Melman, mkuu wa fedha wa Packer, anayechezwa na Emily Hampshire, ameitwa kazini akiwa anakimbia mazoezi. Amekaa kwenye kiti na jasho lake, chupa ya maji mkononi. Packer ameinama mbele yake, uso kwa uso, kwa sababu nyuma yake daktari anampima tezi dume kwa kidole. Na wanaongea kuhusu yuan. Hakuna anayesita. Lenzi ni pana na imesogezwa karibu na nyuso, ndiyo maana gari linaonekana refu lakini hewa haitoshi. Sauti ya mji imekatwa kabisa. Huna honi, huna watu, unasikia pumzi na ngozi ya kiti. Daktari anamaliza, anasema tezi ya Packer haijalingana pande mbili, basi. Hakuna ufafanuzi. Shikeni sentensi hiyo.

Huo ukimya wa ndani ndio unaoibeba pia sehemu ya Samantha Morton, mshauri wa nadharia. Nje waandamanaji wanalitikisa gari na kulipaka rangi, mtu mmoja anajichoma moto. Ndani wanakunywa vodka na kujadili kama kujichoma ni wazo jipya au la. Ubaridi huo umewaudhi wengi. Mimi naona umekusudiwa ukuudhi. Na upigaji picha ulifanyika katikati ya 2011, kabla vuguvugu la Occupy Wall Street, yale maandamano ya New York dhidi ya matajiri na mabenki, halijaanza Septemba mwaka huo, kwa hiyo haya hayakunakiliwa kutoka huko.

Wapinzani wanapata wapi haki yao? Kwanza, picha za mji zilizopachikwa madirishani zinaonekana bandia. Watetezi wanasema ni makusudi, na nakubali, lakini kuna sehemu zinakutoa kabisa kwenye filamu. Pili, dakika za mwanzo ni ngumu kuliko zote. Cronenberg anakumwagia misamiati ya teknolojia na fedha kabla hujamjua mtu yeyote, na hapo ndipo watu wanazima. Tatu, tukio la mwisho kati ya Packer na mtu anayechezwa na Paul Giamatti ni refu, karibu dakika 20 chumbani. Giamatti anaigiza kwa mwili mzima, Pattinson amejizuia, na kuna mahali katikati mazungumzo yanazunguka yale yale.

Namna ya kuitazama. Tafuteni toleo lenye sauti yake halisi na muwashe maandishi ya chini, hata kama Kiingereza chenu kiko vizuri, kwa sababu sentensi zinapita haraka na waigizaji hawapandishi sauti. Toleo lililotafsiriwa na dijei achaneni nalo kwa filamu hii: sauti ya msimulizi inafunika mazungumzo na ule ukimya, na vikiondoka hivyo hakuna kilichobaki. Vaeni hedfoni. Ukichoka, simamisha pale mgeni mmoja anaposhuka na mwingine hajapanda, usikate katikati ya maongezi. Na msiwape watoto. Ngono na damu vimo.

Kama unataka mlango rahisi wa kuingilia, ngoja mazishi ya yule mwanamuziki, Brutha Fez. Anachezwa na K'Naan, yule mzaliwa wa Mogadishu aliyeimba Wavin' Flag. Packer analia hapo, na ni mara ya kwanza unaona kuna mtu ndani ya ile suti. Kwa kinyozi nako wazee wanaongea kama binadamu wa kawaida, kuhusu kuendesha teksi, na hata wanaoichukia filamu huwa wanapasifu hapo.

Sasa ambao hamjaitazama, simamisheni video hapa, naingia mwishoni.

Packer anatoka kwa kinyozi amenyolewa upande mmoja tu. Usiku huo huo, kwenye jengo moja chakavu, yule anayechezwa na Giamatti, aliyekuwa mchambuzi wa sarafu kwenye kampuni ya Packer, anamwambia kwamba hata yeye tezi yake haijalingana. Anamwambia jibu la yuan lilikuwa pale: ulitafuta mizani safi, pande zilizolingana, ukaacha kuangalia kombo, na kombo ndilo ulilohitaji kulisikiliza. Daktari alishampa jibu mchana, bure. Waliokasirika kwamba skrini inakuwa nyeusi kabla hatujajua kama risasi imetoka kwenye bunduki ambayo mtu huyo amemwelekezea Packer, rudini kwenye lile tukio la Melman kwanza, mtazame uso wa Packer daktari anapoitamka sentensi yake, halafu mniandikie hapo chini kama bado mnaona mazungumzo hayaelekei popote.