Jeki ya gari la chini: ipi ununue kwanza Nairobi

Ukiingia duka la vifaa pale Kirinyaga Road uombe jeki, muuzaji atakuuliza tani. "Ya mbili ama ya tatu, boss?" Kwa mwenye Mazda MX-5, hilo si swali la kuanzia. Roadster, jina jingine la MX-5, ya kizazi cha kwanza, iliyozinduliwa mwaka 1989, ina uzito wa takriban kilo 950 hadi 1,000. Daihatsu Copen ya kwanza, gari jingine dogo la chini, haifiki hata kilo 900. Jeki yoyote nzima ya tani mbili itazinyanyua. Kazi ni kuifikisha chini ya gari. Basi mjibu kwa swali lako: ikishushwa kabisa, ina kimo cha sentimita ngapi?

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu tulio na magari haya tunajitengenezea wenyewe, na hatuna magari ya akiba. Kenya hairuhusu kuagizwa kwa gari la mtumba lililozidi miaka minane, kwa hiyo Roadster za miaka ya 1990 zilizopo barabarani ni zilezile zilizoingia zamani. Tunapeana mbinu Jumamosi kwa Jumamosi: namna ya kubadilisha ile silinda ndogo ya klachi ambayo huvuja karibu kila gari, namna ya kuufikisha mkono hadi kwenye chujio la oili lililojificha chini ya njia za hewa za injini, namna ya kuzibua matundu ya maji kabla kingo za chini ya milango hazijaoza kwa kutu. Nyingi ya kazi hizi huanza na gari kuwa juu.

Ya kwanza: jeki ya troli ya kimo cha chini

Hii ndiyo ile ya magurudumu manne na mkono mrefu, lakini ya umbo bapa. Tafuta inayoshuka hadi sentimita 8 au 9. Troli za kawaida huishia kwenye 13 au 14, na hapo Roadster iliyoshushwa springi haiipokei kabisa. Hata ile yenye springi zake za kiwandani inakuwa tabu tairi zikiwa zimepungua upepo.

Pima pia urefu wa mwili wa jeki. Mahali pazuri pa kuinulia MX-5 ya zamani kwa mbele ni krosmemba, ule mhimili mnene unaobeba injini, na uko ndani sana nyuma ya bampa. Jeki fupi itaufikia, lakini mkono wake utakuwa umegonga bampa na hutapata nafasi ya kupampu. Kwa nyuma, inua kwenye difu, lile boksi la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Ukiinua katikati namna hiyo, magurudumu mawili yanapanda pamoja na unaweka stendi, zile nguzo za chuma za kushikilia gari likiwa juu, kushoto na kulia bila kuzunguka na jeki. Usiweke kamwe sahani ya jeki, ile sehemu inayogusa gari, kwenye sampu ya oili, lile beseni lililo chini ya injini. Ni bati jembamba tu, litabonyea.

Kati ya chuma na aluminiamu, mimi nasema chuma. Ya aluminiamu ni nyepesi na inafaa anayeishi ghorofa ya nne bila lifti, maana kifaa hiki hakilali parking. Lakini ni ghali zaidi, na hizo pesa zina kazi nyingine, nitaitaja.

Ya pili: troli ya kawaida na mbao mbili

Kama tayari unayo ya nyumbani, usiitupe. Nunua vipande viwili vya mbao ngumu, vipana kuliko tairi, vya unene wa sentimita nne au tano. Panda juu yake polepole kwa magurudumu ya mbele, vuta hendibreki, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au kabari, na troli itapita. Nimefanya hivi mwaka mzima. Ubaya wake ni kwamba troli ndogo za bei nafuu hazipandi sana, nyingi huishia sentimita 33 hivi, na stendi nyingi za tani mbili huanzia karibu 27 au 28. Unabaki na nafasi finyu ya kuiingiza stendi. Hakikisha namba hizi mbili kabla hujalipa.

Ya tatu: jeki ya mkasi iliyokuja na gari

Kwa pancha ya Thika Road inatosha, na usiitoe kwenye buti kamwe. Kwa ukarabati, hapana. Msingi wake ni mdogo, na kwenye kabro za parking zetu, ambazo mchanga wake huondoka mvua za Aprili zikinyesha, unaweza kuiona ikianza kuinama. Weka ubao chini yake hata kwa dakika tano.

Ya mwisho: jeki ya chupa

Inapendwa na wenye pickup na matatu, na kwao ni kifaa bora. Kwetu haiingii: nyingi zina kimo cha sentimita 18 au zaidi zikiwa zimeshuka. Fundi akikuambia atachimba shimo dogo chini ya gari ili ipite, mkatalie kwa heshima.

Stendi si ziada

Hapa ndipo zile pesa za aluminiamu zinapokwenda. Jeki ya haidroliki inashikilia gari kwa mafuta na sili za mpira. Sili ikichoka, mafuta yanapita na gari linashuka, wakati mwingine taratibu bila sauti. Niliwahi kuinua Roadster yangu, nikatoa gurudumu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, ukingo wa chini ya mlango ulikuwa umelalia lile gurudumu nililokuwa nimelisukuma chini yake. Gurudumu lilikunwa kidogo tu. Tangu siku hiyo sitoi gurudumu bila kulilaza chini ya gari, na sipeleki hata kiganja ndani kabla stendi hazijakaa.

Zipo stendi za meno na za pini. Za meno hurekebishwa haraka, lakini zikague: mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliagiza stendi zake za Pittsburgh za tani 3 na tani 6 zirudishwe kwa sababu meno yangeweza kukosa kushikana na gari likaanguka. Za pini zina hatua chache za kimo, ila unaiona pini ikiwa imepita pande zote mbili, na mimi nazipenda kwa hilo. Dukani, zisimamishe sakafuni, zisukume juu kwa mkono. Zikicheza, au welding ya miguu ina matone na mianya, mrudishie.

Usiweke chuma cha stendi moja kwa moja kwenye ule ukingo wa bati ulio chini ya mlango, utaukunja. Nenda kwa mshona akala Gikomba, mwombe akukatie vipande vinne vya mpira wa tairi na avichongee mfereji katikati wa kuupokea ukingo huo. Atashangaa kidogo, kisha atafanya kazi safi.

Kama huna parking iliyo tambarare, usilazimishe. Petroli stesheni nyingi zina shimo au lifti ya kuinulia gari, na wakati ambapo hakuna foleni, asubuhi mapema katikati ya wiki, ukiongea vizuri na msimamizi unaweza kukodi nafasi na kujifanyia kazi yako.

Ukiwa na pesa za kitu kimoja tu mwezi huu, na jeki ya mkasi iko kwenye buti, anza na stendi mbili na soketi ya milimita 21 ya nati za magurudumu; mkasi uinue tu, stendi ndizo zishike gari. Troli ya chini ifuate mwezi ujao. Nunua dukani wanakokuruhusu kuipampu na kusimama juu yake kwa dakika kumi: panda juu ya sahani yake ikiwa imeinuka, weka alama ya chaki kwenye kimo cha sahani, na uondoke tu ikiwa alama haijasogea.